Tumbo linauma, vipimo viko safi: hii tiba ya kwenye simu inafanyaje kazi?

Kila metroni wa shule anamjua huyu mtoto. Jumatatu asubuhi hata kengele ya asembuli haijalia, yuko mlangoni kwa sikibei, chumba cha wagonjwa cha shule, mkono kwenye kitovu, uso umekunjamana, anasema tumbo. Dawa ya minyoo ameshameza, ile ya serikali ya Aprili na ile ya Oktoba, mama akaongeza ingine katikati kwa kujihami. Malaria amepimwa, hamna. Taifodi wamempima kwa kile kipimo cha Widal, karatasi ikasema ipo, akachomwa sindano, akapata nafuu wiki moja, tumbo likarudi. Kiliniki ya pili ikasema alsa, akatoka na mfuko mzima wa dawa. Ya tatu ikampiga skani, kila kitu kiko mahali pake. Na hapo ndo mama anaambiwa lile neno, "mtoto wako hana kitu mama, rudi naye nyumbani."

Nyumbani baba anasema anakwepa hesabu, jaja, yaani bibi, anasema kuna mtu kamwangalia vibaya, mama anabaki katikati na marisiti yake. Mi nashinda sikibei ya shule ya msingi huku mashariki, sio mbali na mpaka wa Busia, na hii ndo kesi inayowachosha wazazi kuliko malaria, manake malaria ina dawa na ina mwisho. Sasa ukimwambia mzazi wa namna hiyo kwamba kuna tiba ya kisaikolojia ya tumbo, na huko Ulaya na Marekani watoto wanaipata kupitia intaneti bila kwenda hospitali, anakuangalia kwanza, halafu anakuuliza: kwa hiyo unasema mwanangu kichwa kimeharibika, nimpeleke Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili?

Hapana. Ngoja tuifungue taratibu, manake kuna mambo matatu manne yamefungwa kwenye kifurushi kimoja na watu wanayachanganya.

La kwanza, "hana kitu" sio jibu. Huyu mtoto ana kitu na kina jina. Madaktari wa tumbo duniani wanatumia vigezo vinavyoitwa vya Roma, toleo la nne lilitoka 2016, na humo kuna kundi zima la maumivu ya tumbo ya watoto ambayo ukipima huoni kidonda wala uvimbe wala minyoo, kiungo kizima kabisa, ila jinsi utumbo na ubongo vinavyopashana habari ndo kumeenda kombo. Kwa lugha ya kawaida vigezo vinasema hivi, kwa aina nyingi maumivu yanakuja si chini ya siku 4 kwa mwezi, yamedumu si chini ya miezi 2, na baada ya kuchunguzwa inavyofaa hakuna ugonjwa mwingine unaoyaeleza. Kuna wanaoumwa pamoja na kuharisha au kufunga choo, kuna ambao linauma pale juu chini ya kifua na wakila kijiko tatu wameshiba, kuna wanaoshikwa ghafla vibaya sana na kichefuchefu halafu wiki kadhaa hamna, hao ni ndugu wa watu wenye kipandauso, na kuna ambao hawaingii kundi lolote, linauma tu pale kitovuni.

Na sio ugonjwa wa juzi wala wa simu. Mwaka 1958 daktari wa watoto John Apley na mwenzake Nora Naish walichunguza watoto 1,000 wa shule kule Bristol, Uingereza, wakakuta kama mmoja kati ya kumi ana maumivu ya tumbo yanayojirudia kiasi cha kumzuia kufanya mambo yake. Hesabu iliyounganisha tafiti za nchi nyingi mwaka 2015 ilitoa asilimia 13.5. Chukua huo wastani uulete kwenye darasa la tano, P.5, lenye watoto 80, unaongelea watoto kama kumi. Kumi! Sio kale kamoja mnakokaita kadanganyifu.

Inakuwaje tumbo lisilo na ugonjwa liume? Utumbo una mtandao wake wa mishipa ya fahamu, mamilioni kwa mamilioni, na kuna mshipa mkubwa unaoitwa vagasi unaounganisha tumbo na ubongo, ambao nyuzi zake nyingi kazi yake ni kupeleka habari kutoka chini kwenda juu. Kwa kawaida gesi ikipita, chakula kikisukumwa, ubongo haujali. Kwa hawa watoto ubongo unajali sana. Mara nyingine kinaanza na kitu cha kweli kabisa, kuharisha kukali, homa ya tumbo, au kipindi kigumu nyumbani, kile kitu kinaisha lakini mishipa inabaki imeamka. Ni kama mbwa wa mlinzi ambaye siku moja mwizi alimwingilia kweli, toka siku hiyo anabwekea kila jani linaloanguka. Mwizi hayupo, lakini kubweka kupo, na wewe uliyelala ndani usingizi umekatika kweli. Watafiti wamewahi kuingiza kipira kidogo kwenye utumbo wa watoto wa namna hii na kukijaza hewa polepole, na wengi wao wanasikia maumivu kwenye kiwango ambacho mtoto mwingine hata hashtuki. Kwa hiyo anayesema mtoto anajifanya, hajaelewa.

Hofu nayo inachochea. Linauma, mtoto anaogopa, akiogopa utumbo unabana zaidi na masikio ya ndani yanafunguka zaidi kusikiliza tumbo, linauma zaidi. Anaanza kukwepa. Hali asubuhi, hakai mbali na mlango, haendi michezo, mwisho haendi shule. Na kila akikwepa anapata nafuu ya saa moja, ubongo unajifunza kwamba kweli ile ilikuwa hatari. Hilo duara ndo tiba ya kisaikolojia inalikata.

Kabla sijafika kwenye tiba lazima niseme kuhusu vipimo, manake hapa Uganda vipimo vyenyewe vinatupoteza. Huyu mdudu wa alsa, helikobakta, watafiti walimtafuta kwa watoto wa Kampala mjini ambao walionekana wazima tu, miaka 0 hadi 12, watoto 427, matokeo yalitoka 2010, na asilimia 44.3 walikuwa naye. Wazima! Sasa wewe ukimpima mtoto mwenye tumbo na ukamkuta naye umegundua nini hasa? Pengine umegundua kwamba ni mtoto wa Kampala. Miongozo ya madaktari wa tumbo wa watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini inasema wazi usimpime mdudu huyo mtoto ambaye maumivu yake ni ya aina hii. Widal ndo usiseme, inashika watu ambao hawana taifodi, na sindano inachomwa kwa sababu mzazi amekuja na pesa na anataka kutoka na kitu mkononi.

Lakini upande wa pili pia upo na huo ndo unaua. Kuna dalili ambazo ukiziona hakuna cha saikolojia wala cha simu, ni hospitali: mtoto anapungua uzito au haongezeki, damu chooni, anatapika damu au nyongo ya kijani, homa isiyoeleweka, kuharisha kunakomwamsha usiku, kumeza kunamsumbua, viungo vinavimba, maumivu yamekaa kabisa upande wa kulia na hayahami, kubalehe kumechelewa. Na ya kwetu hapa uongeze. Anayeishi pembeni ya ziwa Albert au Viktoria, kichocho kifikiriwe. Siko seli ifikiriwe, manake hiyo nayo inakuja na tumbo na hapa mashariki na kaskazini ipo nyingi. Binti aliyevunja ungo aulizwe kwa heshima na mtu mzima wa kike. Mtoto ambaye hajapata choo siku nne huyo ana choo kimefunga, mpe matunda na maji na dawa ya kulainisha, usimpe saikolojia.

Haya, sasa hiyo tiba.

Jina lake kubwa ni tiba ya fikra na tabia. Sio mtu anakaa anakuuliza kuhusu utoto wako, na hakuna anayelazwa kwenye kochi. Ni mazoezi, kama vile mtu aliyevunjika mguu anavyofanyishwa mazoezi ya kutembea. Zamani ilikuwa lazima uende kwa mtaalamu kila wiki, na wataalamu wa namna hiyo wa watoto ni wachache hata huko kwa matajiri, ndo watu wakaanza kuuliza, je mazoezi haya hayawezi kuwekwa kwenye intaneti, mtoto akayafanya nyumbani, mtaalamu akawa anamwandikia tu?

Waliokwenda mbali ni Waswidi, pale taasisi ya Karolinska, Stockholm. Mwaka 2017 timu ya Marianne Bonnert ilitoa matokeo ya vijana 101 wenye utumbo unaosumbua, wale wa maumivu pamoja na kuharisha au kufunga choo, na 2019 Maria Lalouni na wenzake wakatoa ya watoto 90 wa miaka 8 hadi 12. Wiki 10. Kila wiki mtoto anafungua somo moja, anasoma, anaangalia, anapewa kazi ya wiki, na mzazi ana masomo yake pembeni, akaunti yake. Mtaalamu yupo lakini hamwoni, wanaandikiana ujumbe ndani ya programu, anajibu, anauliza kazi imeendaje, anampa moyo. Hamna kupigiana video. Waliopata tiba hiyo dalili zao zilipungua kuliko wenzao waliokuwa foleni au walioendelea na huduma za kawaida, na kwa wale wa 2019 gharama pia zilishuka, manake mtu aliyepona haendi kliniki.

Kinachofanyika humo ndani ndo watu wengi hawakitegemei. Wanafikiri mtoto atafundishwa kutuliza tumbo. Waswidi wanafanya karibu kinyume, wanamfundisha kuliendea lile analoogopa, kidogo kidogo, huku tumbo linauma. Tuseme ni binti wa P.6 hapa kwetu. Anakaa dawati la mlangoni ili awahi choo, maharage hali, chai ya asubuhi hanywi, na akisikia tumbo linaanza anakimbia kulala. Wanaandika naye orodha kuanzia la rahisi mpaka la kutisha. Wiki hii anakunywa nusu kikombe cha chai kabla ya kutoka nyumbani. Baadaye anahamia dawati la katikati kwa kipindi kimoja, halafu viwili. Likianza kuuma anakaa dakika tano kabla ya kuinuka, anaangalia tu, linapanda, linafika juu, linashuka lenyewe. Halafu posho, yaani ugali, na maharage nusu sahani na moja kwa moja darasani, hamna kulala. Kila mara ubongo unapata habari mpya kwamba lile jani ni jani. Inauma mwanzoni, tusidanganyane, na ndo maana inafanywa kwa ngazi, sio kumsukuma mtoto kwa kiboko kisha ukaita tiba.

Programu zingine zinaweka zaidi kupumua kwa tumbo, kulegeza misuli, kubadilisha yale mawazo ya "leo nitaaibika mbele ya darasa." Marekani, Seattle, Tonya Palermo na timu yake wana ya kwao inaitwa Web-MAP, imetengenezwa kama safari, mtoto anatembelea sehemu mbalimbali na kila kituo kina somo. Hiyo sio ya tumbo peke yake, kuna kichwa na mgongo na viungo pia. Waliipima kwa vijana 273, matokeo 2016, na hapa mzazi asikilize vizuri: baada ya miezi 6 walioitumia maumivu yalikuwa yamepunguza kuwazuia katika mambo yao ya kila siku kuliko waliopewa masomo tu kuhusu maumivu, lakini ukali wa maumivu wenyewe haukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Yaani mtoto anarudi shule kwanza, anarudi mpirani kwanza, maumivu yanafuata nyuma taratibu, au yanabaki lakini hayamfungi tena. Mzazi anayehesabu maumivu kila siku atasema tiba imeshindwa wakati mtoto wake yuko uwanjani anakimbia.

Waholanzi walichukua njia ingine, hipnosisi ya tumbo. Neno hilo likitajwa watu wa kanisani wananiangalia vibaya, ngoja nieleze. Hakuna anayepoteza fahamu wala roho inayoitwa. Mtoto anafumba macho, anasikiliza sauti inayomtuliza na kumpeleka kwenye picha, mahali anapopenda, tumbo lina joto, utumbo unatiririka taratibu. Mwaka 2017 walilinganisha watoto 260 wa miaka 8 hadi 18, nusu wanakwenda kwa mtaalamu, nusu wanapewa tu sidii wakasikilize nyumbani, miezi 3. Mara tu baada ya tiba waliofanikiwa walikuwa asilimia 50.1 kwa mtaalamu na 36.8 kwa sidii. Baada ya mwaka mmoja, 71.0 na 62.1. Mi hizo namba za sidii ndo zinanifurahisha. Hiyo hata sio intaneti, ni faili la sauti, kitu ambacho kinaingia kwenye WhatsApp ya mama, hata kwenye memori kadi ya simu ya katochi.

Sasa sehemu ambayo wazazi hawaipendi. Nusu ya tiba hii ni ya mzazi.

Kuna jaribio moja kule Nashville, Marekani, la Lynn Walker na wenzake, 2006, kila nikilikumbuka nawaza akina mama wa pale kwetu kwa geti. Walichukua watoto pamoja na mzazi, wengine wana tumbo sugu wengine wazima, mtoto akanyweshwa maji mpaka tumbo likajaa na kuleta usumbufu. Wazazi wakagawanywa: wengine waambiwe wamzingatie, "pole mwanangu, linaumaje, wapi hasa," wengine wabadilishe mazungumzo, waongee kuhusu kitu kingine kabisa, wengine wakaachwa wafanye wanavyojua. Wale wa "pole mwanangu," malalamiko ya watoto yalikaribia kuongezeka mara mbili. Wale wa kubadilisha mazungumzo, yalishuka kwa nusu. Na sehemu tamu, wazazi wa watoto wenye tumbo sugu waliona kubadilisha mazungumzo ndo kungemuumiza mtoto zaidi, wakati watoto wenyewe walisema kuliwasaidia kujisikia vizuri.

Hiyo sio kusema mama ndo amemwumiza mtoto, tafadhali. Kila mama mwenye mtoto anayeugua atauliza, hata mimi nauliza, ndo malezi. Tatizo ni kwamba swali "tumbo vipi leo?" likiulizwa asubuhi, mchana kwa simu ya mwalimu, na jioni, linamrudisha mtoto kusikiliza tumbo mara tatu ambazo asingesikiliza. Halafu kuna zawadi za siku ya ugonjwa, tunazitoa bila kujua. Akiumwa anabaki nyumbani na televisheni, soda, chapati na mayai, kulala kitanda cha mama. Akiwa mzima ni posho na kufagia uwanja. Programu zinamfundisha mzazi kugeuza: mtoto aambiwe mara moja kwamba unajua linauma na unamwamini, kisha mazungumzo yaende kwenye kinachofuata leo, na siku ya kubaki nyumbani iwe siku ya kuchosha, vitabu na kitanda, hamna katuni. Sifa ziende kwa alichofanya, "umekaa mpaka saa sita, safi." Rona Levy wa Seattle na wenzake, 2010, walichukua watoto 200 na wazazi wao, kundi moja wakalifundisha mambo ya namna hii kwa vikao 3 tu, ana kwa ana, na wazazi wa kundi hilo wakaripoti maumivu yamepungua kuliko kwa wale waliopewa masomo ya chakula na afya. Vikao vitatu. Mimi nimeona watu wamenunua dawa za alsa za muhula mzima.

Sasa je ushahidi umekamilika? Bado. Mwaka 2019 mtandao wa Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzichuja, ulipitia tiba za namna hii zinazotolewa kwa mbali kwa watoto wenye maumivu sugu ya aina zote, ukapata tafiti 10 zenye watoto 697, na ukasema ushahidi ni dhaifu, hautoshi kuapa nao. Tafiti ndogo, zimefanyika nchi tajiri, na mtoto anajua kabisa kama anapata tiba au yuko foleni, huwezi kumficha kama unavyoficha kidonge. Pamoja na hayo Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa maumivu sugu ya watoto mwisho wa 2020 liliiweka tiba ya kisaikolojia kati ya zile za kutumika, ana kwa ana au kwa mbali. Madhara yake ni machache, na ukilinganisha na kumpa mtoto antibiotiki kila muhula kwa taifodi ambayo haipo, mi najua ningechagua nini.

Tuje nyumbani. Mtu akisoma haya Kampala au Mbale au Arua atasema sawa, naipakua wapi? Na hapo ndo pagumu. Programu zenyewe ni za Kiswidi, Kiingereza, Kiholanzi, zimewazia mtoto mwenye chumba chake, tableti yake na choo cha ndani. Wa kwetu simu ni ya mama, na mama yuko nayo sokoni mpaka usiku, na meseji za mtoto kwa mtaalamu atazisoma mjomba na shemeji. Bando nayo, tulitozwa shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao toka Julai 2018, 2021 ikageuzwa kuwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data, na Januari ya mwaka huo huo uchaguzi ulipofika intaneti ilizimwa siku kadhaa, nchi nzima kimya. Fikiria uko wiki ya sita ya tiba. Na walioko bodingi ndo kabisa, simu shuleni ni marufuku, ikikamatwa inavunjwa mbele ya asembuli.

Ila tukumbuke kinachotibu sio simu. Simu ni boda inayoleta mzigo, mzigo ni yale mazoezi na ule mwenendo wa mzazi, na mzigo unaweza kuletwa kwa miguu. Hapa hapa Uganda, Masaka na Rakai, kulifanyika utafiti uliotoka 2003, vijiji 30, watu wazima wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, wakakaa vikundi kwa wiki 16, na viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari, walikuwa wenyeji wa huko waliofundishwa wiki 2. Sonona ilishuka sana kuliko vijiji ambavyo havikupata. Ilikuwa sonona ya watu wazima sio tumbo la mtoto, sawa, lakini inajibu wale wanaosema bila saikolojia ya digrii hamna kinachofanyika. Nesi wa kituo cha afya, metroni, mwalimu wa kike mkuu, mtu wa VHT, ile timu ya afya ya kijiji, mwenye moyo, hawa wanaweza kumshika mama mkono kwa simu ya kawaida dakika kumi kila wiki. Sauti ya kutuliza kwa Kiswahili au Luganda au Lusoga inaweza kurekodiwa na mtaalamu wetu na ikatumwa. Sioni kwa nini tusubiri Stockholm.

Kuna kitu kimoja ambacho programu za nje hazitakuambia, na mi nakisema kwa sababu nakiona. Sio kila anachokwepa mtoto ni jani. Mtoto anayebana choo mchana kutwa kwa sababu choo cha shule hakina mlango na wakubwa wanachungulia, huyo usimpandishe ngazi ya ujasiri, weka mlango. Mtoto ambaye tumbo linauma siku za mwalimu fulani tu, muulize mwalimu fulani anafanya nini. Viboko shuleni sheria ya watoto ilishavipiga marufuku, marekebisho ya 2016, na bado tunavisikia. Na kama nyumbani kuna mtu anamsumbua mtoto usiku, tumbo litauma hata umpe programu kumi. Hiyo ni kazi ya namba 116, Sauti, simu ya msaada kwa watoto, haikati airtime. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtoto aendee anachoogopa, mtu mzima aende kwanza akakione.

Swali ninaloulizwa mwisho daima ni lini nitaona tofauti. Rudi kwenye zile namba za Waholanzi, 36.8 siku ya kumaliza, 62.1 mwaka mmoja mbele, watoto wengi walipata nafuu baada ya sidii kuwekwa kabatini. Ukianza likizo ya Mei, usimkague mtoto muhula wa pili ukifunguliwa tu. Angalia mahudhurio ya muhula wa pili yote ukayalinganishe na ya muhula wa kwanza, kitabu cha mwalimu wa darasa kinayo. Muombe mwalimu mambo mawili, akubali mtoto atoke kwenda choo bila kuomba mbele ya darasa zima, na akija na tumbo sikibei apumzike dakika kumi na tano halafu arudi darasani badala ya kupigiwa mzazi. La pili hilo walimu wengi wanaliogopa, wanahofia lawama, basi liandikwe kwenye karatasi, mzazi aweke sahihi, na zile dalili za hospitali ziandikwe chini yake ili metroni wa zamu ajue ni lini karatasi haifuatwi na boda inaitwa.